Nafasi Kati ya Papi na Papi

Itigi,
4 Septemba 1993

Mwanangu Scola,

Marahaba, maana najua shikamoo yako iko njiani hata kabla hujashika kalamu. Mimi ni mzima. Mama yako bado yuko Issuna kwa dada yako Jenipher. Mtoto kazaliwa salama, wa kiume, na wanasema kachukua masikio yangu, pole yake. Kwa hiyo baba yako anajipikia. Juzi ugali uling'ang'ania sufuria mpaka nikautoa kwa patasi. Haya, cheka basi, umalize.

Nina habari njema na habari mbaya, na zote zinatoka ofisini kwenu. Njema ni kwamba huo Mradi wa nyuki unaofanyia kazi umenipa mizinga ya kisasa sitini nitengeneze. Tumechaguliwa mafundi saba, Itigi mpaka Manyoni. Tangu nipunguzwe kazini reli sijashika kazi ya maana. Siku hizi ni ruksa, kila kitu kiko dukani, watu wananunua vitanda vya chuma na viti vya plastiki, fundi mbao anabaki na majeneza. Barua ya Mradi ilipofika nilikaa juu ya benchi nikamshukuru Mungu kwa sauti. Mizinga inatakiwa mwisho wa Oktoba, wanavijiji waitundike kabla ya mvua.

Mbaya ni mchoro. Mistari imenyooka, herufi safi, sikatai. Lakini aliyeuchora hajawahi kufunua mzinga hata siku moja ya maisha yake! Huu mzinga wa kisasa, kama hujauona, ni sanduku. Juu yake unalaza papi, vibao vyembamba, na chini ya kila papi nyuki wananing'iniza sega moja. Ukitaka asali unainua papi moja na sega lake, wengine hawana habari. Sasa papi hizo lazima zibanane bega kwa bega, ziwe kama dari, nyuki asipate pa kupita kwenda juu. Upana milimita 32, kwa futi yangu ni inchi moja na robo, hapo sina ugomvi naye. Lakini chini kaandika: "Nafasi kati ya papi na papi, milimita 32." Yaani papi, tundu, papi, tundu! Anataka papi kumi na nne mahali pa papi ishirini na saba.

Nilimwonyesha Alute, yule jirani yetu wa mizinga ya magogo. Alicheka mpaka akakaa chini. Anasema nyuki watapita kwenye matundu wakajenge kwenye mfuniko, na siku utakapofunua utakuwa umebomoa nyumba nzima, watoto na asali vyote chini.

Kwenye kona pameandikwa "Imechorwa na S.F.M." Wewe unapiga taipu ofisi hiyo hiyo, lazima unamfahamu huyu Bwana S.F.M. Nadhani ni mtu wa Dar es Salaam, asali anaijua ya kwenye chupa. Hebu mwambie kwa upole, usimwaibishe mbele za watu, kwamba fundi mmoja wa Itigi anamsalimu na anamwomba arekebishe.

Kula vizuri. Singida kuna upepo, vaa sweta.

Baba yako,
Filipo Mghenyi

*

Singida,
11 Septemba 1993

Baba,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia Jenipher amejifungua salama. Mimi sijambo.

Kuhusu mchoro, baba, naomba uufuate kama ulivyo. Asili yake ni ya Kiingereza, imetoka kwa Mhandisi mwenyewe, mkuu wa Mradi, na huu wa Kiswahili ameusaini yeye. Kila mzinga utapimwa kwa rula siku ya kupokelewa, na usiolingana na mchoro utarudishwa. Mafundi wengine sita hawajalalamika. Hosea wa Manyoni ameshaleta taarifa kwamba amefika mbali na kazi yake.

Najua unajua mbao. Lakini hii ni mizinga ya kitaalamu, si ile ya akina mzee Alute. Labda kuna jambo wataalamu wanalijua ambalo sisi hatulijui.

Na tafadhali usimseme sana huyo mchoraji. Ni mgeni kazini, yuko kwenye majaribio ya miezi sita yanayoisha tarehe 31 Oktoba. Ukianzisha malalamiko yatamfikia yeye kwanza.

Msalimie mama akirudi.

Mwanao,
Scola

*

Itigi,
30 Septemba 1993

Mwanangu Scola,

Barua yako niliipata na sikuijibu upesi kwa sababu ilinikera. Nasema wazi. "Labda kuna jambo wataalamu wanalijua." Nilijiuliza, huyu ndiye Scola wangu, au ofisi imeniandikia kwa mkono wake? Au unaona haya kwamba baba yako fundi wa kijijini anabishana na watu wako? Kama ni hivyo, niambie tu. Sitakufa.

Basi niliacha maneno nikashika randa. Nilitengeneza mizinga miwili. Mmoja kama alivyochora Bwana S.F.M., na matundu yake yote kumi na matatu. Mwingine nikabananisha papi zote ishirini na saba. Alute akaingiza nyuki katika kila mmoja, kundi na kundi, tukasubiri siku kumi na mbili. Juzi jioni tukafunua.

Huu wangu niliinua papi ya tatu kwa vidole viwili, sega likaja nalo jeupe, limenyooka, nyuki wametulia kabisa. Ule wa mchoro nilishika mfuniko, ukagoma. Nikavuta. Scola, masega yote yalikuwa yamepanda kupitia kwenye matundu na kushikana na mfuniko, na nilipouinua yalipasuka pamoja, asali ikamwagika juu ya watoto wa nyuki, na kundi zima likatutokea. Alute na uzee wake alikimbia kuliko mimi. Jicho langu la kushoto limefumba, naandika na moja.

Sasa fikiria mizinga mia nne ya namna hiyo kwa watu wanaoambiwa waache magogo yao ya tangu babu. Watafunua mara moja tu. Wataumwa, watapoteza asali, na watakuja kuuliza aliyetengeneza ni nani. Hawatamuuliza S.F.M., wataniuliza mimi.

Kwa hiyo wewe usihangaike tena. Nimeshamwandikia Mhandisi barua rasmi, kurasa mbili. Nimemweleza tulichokiona, na mwisho nimemwomba huyo S.F.M. asiruhusiwe kushika kalamu ya kuchora mpaka ajifunze kazi. Luciana muuza asali anapanda basi Jumanne, atamfikishia mkononi.

Nisamehe kama barua hii ina ukali. Ni jicho.

Baba yako,
Filipo Mghenyi

*

Singida,
Jumapili, 3 Oktoba 1993

Baba,

Shikamoo. Barua hii nimempa kondakta wa basi la asubuhi na nimemsihi aifikishe kwako kabla ya Jumanne. Naomba usimpe Luciana ile barua. Nisome kwanza hadi mwisho.

S.F.M. ni mimi, baba. Scola Filipo Mghenyi. Jina la katikati ni lako.

Tangu Mei sipigi taipu tena. Mhandisi aliona cheti changu cha uchoraji wa shule akanipa meza ya kuchorea, na kazi ya kuandika michoro yake kwa Kiswahili, kwa sababu Kiswahili chake yeye ni cha salamu tu. Sikuwaambia. Nilitaka nije Krismasi na barua ya kuajiriwa na mchoro wenye jina langu, niuweke juu ya benchi lako bila kusema kitu. Nilikuwa nimeshapanga hata nitakavyosimama.

Kosa nimelijua sasa, nimekaa nalo usiku na mchana tangu barua yako ya jana. Kwenye mchoro wa Kiingereza kuna neno "spacing", nalo linapima kutoka katikati ya papi moja hadi katikati ya papi inayofuata. Mimi nikaandika "nafasi". Na nafasi, kwetu sisi, ni mahali palipo wazi. Niliposoma nilichoandika mwenyewe, nikaona matundu, nikayachora. Kisha nikahesabu papi zikaja kumi na nne, nikaandika kumi na nne. Mhandisi alisaini maneno asiyoyasoma. Si wataalamu waliokosea. Ni neno langu moja.

Uliposema Bwana S.F.M. nilicheka kwanza, halafu nikalia. Nikakujibu vibaya kwa sababu nilishaanza kuhisi una haki, na nikaogopa. Sijawahi kukuonea haya hata siku moja. Nilijionea haya mimi.

Barua yako ikimfikia Mhandisi ataniondoa kabla sijafungua mdomo. Nipe siku chache nijue la kufanya. Naomba tu hilo.

Jicho linaendeleaje? Weka maji ya chumvi.

Mwanao,
Scola

*

Itigi,
7 Oktoba 1993

Scola, mwanangu,

Kondakta yule alifika Jumatatu, Mungu ambariki. Barua kwa Mhandisi nimeitia jikoni, ndiyo iliyochemsha chai yangu.

Nimeshindwa kufanya kazi siku mbili. Nakumbuka kila neno nililoandika juu ya mtu huyo. Asali ya chupa! Mtu wa Dar es Salaam! Na jina langu liko palepale katikati, nimelisoma mara ishirini sikuliona. Nilisema hajawahi kufunua mzinga. Na angewezaje? Ulipokuwa mdogo, kila Alute alipotoka na nyuki mimi ndiye niliyekufungia ndani. Nisamehe, mama.

Sasa nisikilize. Jambo hili tunalijua sisi wawili na Alute, na Alute hajui S.F.M. ni nani. Basi liishie hapo. Nitatengeneza kama ulivyochora, mizinga yote sitini, papi kumi na nne kila mmoja. Mkaguzi akija na rula atakuta sawasawa. Tarehe 31 utapata barua yako ya kuajiriwa. Baadaye, ukishakaa vizuri kwenye kiti, mimi nitaleta habari kwamba nyuki wa Itigi wana tabia zao, na mchoro utarekebishwa pole pole bila mtu kutajwa. Mizinga ikiharibika mwaka mmoja watu watawalaumu nyuki. Nyuki hawajitetei.

Nimeshaanza. Kumi na miwili iko tayari, imepangwa ukutani. Siitazami sana, lakini iko tayari.

Usimwambie mtu yeyote. Fanya kazi yako na ulale.

Baba yako anayekupenda,
Filipo

*

Singida,
13 Oktoba 1993

Baba yangu,

Shikamoo. Acha. Weka randa chini, usiongeze hata mmoja.

Barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara imeniuma zaidi. Wewe ndiye uliyekwenda kuung'oa mlango wa mwalimu mkuu, akiwa ameshaupokea na kukusifu, kwa sababu uliona bawaba ya chini inavuta nusu ya robo inchi. Mama alikasirika wiki nzima. Leo unataka kupanga ukutani mizinga usiyoweza kuitazama, kwa ajili yangu? Nimelia, baba, kwa sababu najua ungeimaliza yote sitini. Na mimi ningekaa kwenye kiti hicho kila siku nikijua kimetengenezwa na nini.

Nimeshamwambia. Jumatatu niliingia kwa Mhandisi na michoro yote miwili nikaonyesha neno kwa neno. Hakugomba. Ningeona afadhali angegomba. Kisha akauliza ni nani aliyeligundua kosa. Nikasema fundi wa Itigi aliyejaribu mizinga miwili kwa nyuki wake. Nikasema pia kwamba fundi huyo ni baba yangu, kwa maana sikutaka kubakiza kitu. Alishangaa kidogo.

Akaniambia hivi: mchoraji asiyeaminiwa na mafundi hamfai. Kwa hiyo mafundi wote saba wataitwa Itigi, ofisi ya kata, Ijumaa tarehe 22, na nitawaeleza mwenyewe. Kama watakubali kupokea mchoro mpya kutoka mkononi mwangu, nitabaki. Wakikataa, tutaagana tarehe 31.

Naogopa zaidi Hosea wa Manyoni. Mizinga yake arobaini imekwisha.

Nina ombi moja na usinikatalie. Siku hiyo usinitetee. Usiniite mwanangu mbele yao, usimjibu Hosea kwa niaba yangu. Nataka nisimame mwenyewe. Gari litageuza saa hiyo hiyo, hivyo sitaweza kupita nyumbani, na najua hilo nalo ni kosa.

Mwanao,
Scola

*

Itigi,
Jumamosi, 23 Oktoba 1993

Mwanangu,

Naandika asubuhi hii kabla ya kushika kazi, kwa sababu jana ulipopanda gari uliangalia chini, na najua ulichokuwa unafikiri. Uliona mkono wangu haukunyooka tulipoulizwa nani anaupokea mchoro wako. Mafundi sita walinyoosha, wa saba akakaa kama gogo, na huyo wa saba ni baba yako.

Subiri. Nianze mwanzo.

Uliposema "Kosa ni langu, si la Mhandisi," nilishika benchi nililokalia kwa mikono miwili. Hosea aliposimama kupiga kelele, arobaini, arobaini, nani atanirudishia siku zangu, nilikuwa nimeshainuka nusu. Nikakumbuka ombi lako, nikakaa. Sijawahi kukalia kitu kizito kama benchi lile. Nilitaka kumwambia, Hosea, huyo ni mtoto, hebu punguza sauti. Wewe ukamwacha amalize. Ukasema, "Una haki, baba. Pole kwa usumbufu." Kisha ukamwomba mzinga wake mmoja, ukachukua papi ukaichomeka kwenye tundu, ikaingia tii, ukachukua nyingine, na nyingine, mpaka kumi na tatu. Upana wa tundu na upana wa papi ni ule ule, hakuna cha kuvunja wala cha kutupa, ni kuongeza tu. Mimi na ubishi wangu wote wa wiki saba hilo sikuliona! Nilikuwa nimeshawaza kubomoa. Hosea akaguna, akasema, "Kumbe." Na ndiye aliyenyoosha wa kwanza, uliona? Ananung'unika lakini kanyoosha.

Sasa mkono wangu. Wale wote wanajua wewe ni nani. Hosea alipofika tu alitutazama, mimi na wewe, akatabasamu. Paji la uso hili halifichiki. Kama ningenyoosha, leo asubuhi stesheni wangekuwa wanasema binti wa Filipo kapitishwa na Filipo. Na kila mchoro utakaouleta tangu leo, wangesema hivyo hivyo. Nilitaka uhesabiwe bila mimi. Nikahesabu kimoyomoyo, watatu, wanne, ukafika sita, nikajua inatosha, nikauweka mkono mfukoni ili usije ukanyooka wenyewe. Naapa mwanangu, katika maisha yangu sijawahi kutaka kunyoosha mkono namna ile.

Mhandisi alikuja kunipa mkono baada ya ninyi kuanza kufunga vitu. Alisema maneno marefu, nikasema yes, yes. Sijui nimekubali nini. Lakini alikuwa anacheka, na alikuonyesha wewe kwa kidole, kwa hiyo nadhani ni jambo zuri.

Ile mizinga yangu kumi na miwili nimeshaiongezea papi. Jana hiyo hiyo, mara gari lilipoondoka.

Mama yako karudi kwa treni ya jioni, kachoka, ana habari za mjukuu tele. Lakini kabla hajatua mzigo majirani walishamwambia kwamba gari la Mradi lilikuja, na mafundi wote walikusanyika. Akaniuliza, nani alikuja? Nilitaka kumweleza kila kitu, S.F.M. na barua na jicho, nikaona nitashindwa kusema nikiwa nimesimama. Nikamwambia alikuja fundi kutoka Singida, kuturekebishia kazi.

Akaenda nje, nikasikia anafukuzana na kuku. Akarudi amemshika yule jogoo mwekundu, akamfunga kamba miguuni, akanikabidhi, akasema, "Huyo fundi wako, Jumapili tarehe 31 ana kazi?"

Nikasema sijui.

Akasema, "Muulize."

Basi nakuuliza.

Baba yako,
Filipo Mghenyi